Siku Viti Vilipokuja Shule

Mimi nikikasirika, masikio ndiyo yanayotangulia kupata moto. Marehemu mama alikuwa akiyatazama tu, anajua kama leo sufuria zitaoshwa kwa amani au kwa kelele. Sasa nimestaafu, na hasira zimepungua pamoja na macho, lakini ipo Alhamisi moja ambayo nikiikumbuka masikio yanawaka upya, halafu naangua kicheko peke yangu hadi wajukuu wananiuliza kuna nini. Nimeona heri niiandike, waisome wenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nafundisha darasa la kwanza katika shule moja ya msingi huko Kamuli, enzi ambazo Kyerwa haijawa wilaya na sote tulikuwa Karagwe. Kwetu ni Bugene, kwa hiyo huko Kamuli nilihesabiwa mgeni kidogo, mwalimu wa kuletwa, ingawa Kinyambo changu na chao ni kimoja na ndizi tunapika vilevile.

Shule ilikuwa na vyumba vinne, bati juu, vumbi chini. Madawati yalikuwa manane, yote ya darasa la saba, kwa sababu wao walikuwa na mtihani wa taifa na taifa lisingependa kuona mwandiko wa kupinda. Waliobaki walikalia walichokuja nacho. Watoto wangu walikalia matofali. Kila mtoto alikuwa na tofali lake, amelikwaruza alama kwa msumari ili lisiibwe, na walikuwa wakigombania matofali hayo kuliko wakubwa wanavyogombania mipaka ya vibanja, yaani mashamba yao ya migomba. Daftari liliwekwa pajani. Ukimfundisha mtoto kuandika herufi pajani, ile herufi inafuata umbo la goti, na magoti ya watoto wa miaka saba yana makovu mengi.

Halafu kulikuwa na funza. Lile vumbi lilikuwa shamba lao. Kila Jumatatu kipindi changu cha kwanza hakikuwa hesabu wala kusoma, kilikuwa pini na mafuta ya taa. Nilijua vidole vya miguu vya darasa zima kabla sijajua majina yao.

Lakini kilichoniuma zaidi ni masika. Mvua ikianza, vumbi linageuka tope, na hakuna mzazi anayemtuma mtoto akakae juu ya tope. Darasa lilikuwa likianza Januari limejaa hadi mlangoni, na kufika Mei nafundisha nusu yake. Wazazi hawakuwa wabaya. Mama mmoja aliniambia waziwazi, "Mwalimu, kukaa chini hata hapa nyumbani atakaa, na huku atanichungia mbuzi." Wengi wa wale waliopotea Mei hawakurudi tena. Mwaka ule nilitaka madawati, na sikutaka kitu kingine chochote duniani, hata mume, ingawa mama yangu alikuwa na maoni tofauti.

Ndipo ikaja ile kampuni. Kampuni za watu binafsi zilikuwa ndiyo kwanza zimeruhusiwa kununua kahawa, na moja ilifungua ghala kwenye njia panda yetu. Siku moja wakabandika tangazo mlangoni pa ghala: wangetoa madawati kwa shule moja katika maeneo wanayonunua kahawa, na shule zenye uhitaji ziandike barua. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo, mimi ndiye nilikuwa katibu wa kamati ya shule. Nikakaa chini nikaandika.

Sikuzunguka mbuyu. Niliandika kwamba watoto wetu wanakaa vumbini, wanaliwa na funza, na mvua ikinyesha wanaacha shule. Nikamaliza: "Njooni mjionee wenyewe." Mwalimu mkuu, mzee mpole aliyebakiza miaka miwili astaafu, aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mwalimu, umetuvua nguo barabarani."

"Afadhali tuvuliwe, mzee, labda tutavalishwa nyingine."

Akaguna, akatafuta mhuri, akapiga. Alikuwa mtu anayeogopa vitu viwili tu, mkaguzi wa shule na aibu, na siku ile nilimpitisha kwenye kimoja kwa nguvu.

Majibu yalikuja baada ya wiki kama tatu. Kampuni ingemtuma afisa wake Alhamisi fulani. Angekuwa ameshapita kwenye shule moja ya upande wa Kituntu, angekuja kwetu, kisha angeamua kati ya mbili hizo. Nilirukaruka ofisini mbele ya mwalimu mkuu bila haya. Siku ya Jumatatu ya wiki hiyo nikaondoka kwenda Kayanga kufuata mshahara, kama walimu wote tulivyokuwa tukifanya, nikijua Jumanne nitakuwa nimerudi. Mshahara ukachelewa, kama mishahara yote ilivyokuwa ikifanya. Nilirudi Alhamisi yenyewe asubuhi, nimepanda lori lililobeba magunia matupu, nikashushwa njia panda na kukata katikati ya vibanja nikikimbia na viatu mkononi.

Nyumba ya kwanza niliyoipita, nilimkuta mzee mmoja amechuchumaa mlangoni pake, anatafuna kahawa kwa huzuni.

"Shikamoo babu. Mbona umechuchumaa, unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi. Kiti changu kimekwenda shule."

Nikadhani mzee kaanza mapema kunywa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Nyumba ya pili, mama mwenye mimba kubwa kakalia mtungi. Ya tatu, watu wazima watatu wamesimama wanakunywa uji. Nilipofika uwanja wa shule nikajua kumeharibika kitu.

Uwanja ulikuwa umefagiwa hadi unang'aa. Mlangoni pa darasa langu pamefungwa matao ya majani ya migomba. Ndani, lile vumbi halionekani, limefunikwa kwa nyasi mbichi zilizotandikwa vizuri, zinanukia, kama tunavyotandika nyumbani siku ya heshima. Na juu ya nyasi, Mungu wangu, viti. Viti vya kila kabila. Vya mbao vyenye migongo mirefu, vigoda vya miguu mitatu, makochi mawili yenye vitambaa vilivyofumwa maua, benchi la kanisani, na kiti kimoja cha kinyozi kinachozunguka. Juu ya kila kiti ameketi mtoto wangu, kapakwa mafuta hadi shingoni, hasogei, hapumui, kashika pembe za kiti kwa mikono miwili. Mbele ya kila mtoto pana stuli au meza ndogo ya chai. Wabunge hawakai vile.

Matofali yalikuwa yametoweka. Hata moja sikuliona.

Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa amesimama katikati, kavaa koti la harusi ya mwanawe. Alikuwa mkulima mwenye kahawa nyingi na maneno mengi zaidi, na huko Kamuli hakuna harusi iliyofungwa bila yeye kuwa msemaji wa upande mmoja. Alinipokea kwa mikono miwili.

"Mwalimu wetu! Unaonaje?"

"Mzee, nani kafanya haya?"

"Sisi. Jumanne tumekaa kikao, wewe hukuwepo. Nikawaambia wazazi, wakwe wanakuja."

"Wakwe gani?"

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemfundisha msichana aliyechelewa kuolewa. Akaeleza. Mtu akitaka kukupa binti yake, anatuma watu kwanza waje waone mnavyoishi. Je, wakikuta mmelala chini watakupa? Hawakupi. Wanasema huyu hawezi kutunza hata kuku. Ndiyo maana wakwe wakija, kijiji kizima kinaazimana viti, vikombe, hata mashuka, na hakuna jirani anayesema kile ni changu. Sasa kampuni inatuma mtu aje aone kabla ya kutoa. Si ni yaleyale? Mtu akileta madawati anataka kujua yanakwenda kwa watu wanaojua kukaa.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilimwelewa kabisa. Kwetu Bugene tungefanya vilevile. Dada yangu alipoposwa, baba aliazima hadi saa ya ukutani.

Nikaanza kuhesabu watoto kwa mazoea. Hawakutimia. Walipungua kama kumi hivi, na nilipowataja moyoni mmoja mmoja nikaona wanafanana: watoto wa vibarua, wengi wao wa familia zilizotoka Rwanda na Burundi miaka mingi nyuma, wanaolima na kuchuma kahawa kwenye vibanja vya watu.

"Wengine wako wapi?"

Mwenyekiti akashusha sauti kidogo. "Tulisema kila mtoto aje na kiti. Asiye na kiti kwao, apumzike leo tu. Leo tu, mwalimu."

Hapo masikio yakawaka. Nilitaka kusema maneno ambayo binti wa Kilutheri hasemi mbele ya mtu wa rika la baba yake. Wale kumi ndio walioiandika barua yangu, bila wao kujua. Ndio waliokuwa wakiniondokea wa kwanza kila masika. Nikafungua kinywa, na papo hapo Landrova ikapiga honi nje.

Aliyeshuka alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye kamera shingoni na daftari kubwa kwapani. Nitamwita mama wa kampuni. Alikuwa mchangamfu, aliamkia wazee vizuri, akapokea kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kikapu kidogo bila kuuliza inaliwaje, akaitafuna. Mwenyekiti alinikonyeza: unaona, mkwe mwenye adabu.

Akaingia darasani. Watoto wakasimama wote pamoja, "Shikamoo mgeni!", wakaketi upesi na kukamata viti vyao. Mama wa kampuni akatazama nyasi, akatazama makochi, akatazama kile kiti cha kinyozi, ambacho mtoto aliyekikalia alikuwa akizunguka nacho polepole bila kukusudia. Kisha akafungua daftari lake na kutoa karatasi niliyoifahamu.

"Barua hii kaandika nani?"

"Ni mimi, mama."

Akaisoma kwa sauti, taratibu. "Watoto wetu wanakaa vumbini. Hatuna madawati wala viti." Akaikunja. Kilichosikika ni kile kiti cha kinyozi kikilia nywii, nywii.

"Mama," nikasema, "viti hivi…"

Mwenyekiti akakohoa kikohozi kirefu cha harusini, akaanza na waitu, neno letu la heshima. "Waitu mama, mwalimu wetu bado ni kijana. Siku ile alikuwa na hasira zake. Sisi, kama unavyoona, tunajitahidi."

Nikamtazama mwalimu mkuu anisaidie. Mwalimu mkuu alikuwa anavitazama viatu vyake kana kwamba kavinunua leo. Nikabaki nimesimama. Kumkanusha mzee mbele ya mgeni wake sikuweza, malezi yalinizuia. Na nikinyamaza, mimi ni mwongo niliyeandika uongo kwa mwandiko mzuri. Mama wa kampuni alinitazama mara moja tu, si kwa ukali. Lilikuwa jicho la mtu aliyekuwa amekuamini. Nililia machozi mawili nikayafuta kwa mkono wenye vumbi la magunia, nikabaki na michirizi usoni.

"Nimefurahi kuona wazazi wanaojali hivi," alisema, akifunga daftari. "Kule nilikotoka jana, hali ni mbaya sana."

Kila mtu alipiga makofi isipokuwa mimi. Mwenyekiti alipiga kwa nguvu kuliko wote, maana katika lugha ya wakwe hayo yalikuwa maneno ya kukubali. Mimi nilijua yamekwisha. Madawati yamekwenda Kituntu, na masika yako mlangoni.

Mgeni alitaka kuondoka. Lakini nani kamwona mgeni akaondoka Kamuli bila kula? Akina mama walikuwa na ndizi motoni, na ndizi zilizoungwa kwa nyama na maharage hazitaki haraka. Akaketishwa nje, chini ya upenu wa darasa la nne, kwenye kiti cha mikono kizuri kuliko vyote, chenye mto wa kitambaa chekundu. Mwenyekiti akasimulia historia ya kijiji tangu mwanzo. Ndizi zikachelewa. Mawingu yakaanza kukusanyika mlimani. Mwenyekiti alikuwa amepanga yote, matao, nyasi na mafuta ya watoto, ila kitu kimoja alikisahau. Hakuna aliyemwambia mgonga kengele.

Saa nane kamili, mtoto wa zamu akachukua chuma chake na kugonga ile rimu ya gari iliyoning'inia kama alivyogonga kila siku.

Na kila mtoto siku ile alikuwa na amri kutoka nyumbani. Kiti cha baba kisibaki shuleni. Kitambaa kisinyeshewe. Kengele ikilia, moja kwa moja nyumbani nacho. Wakaanza kutoka. Kwanza vigoda, kichwani, vinakimbia. Kisha viti vya migongo mirefu, miguu juu, vikiyumba. Kisha meza za chai. Makochi yalitoka kwa watoto wanne wanne, wanabishana nani kaachia. Kiti cha kinyozi kilihitaji sita. Mstari ule ulikatiza uwanja wote, ukagawanyika kwenye vijia vya migombani, na kwa mbali huwaoni tena watoto, unaona viti tu vikienda makwao.

"Rudini! Nani kasema mtoke? Rudini hapa!" Mwenyekiti alikuwa amesimama, kijiko mkononi. Baadhi ya watoto waligeuka, wakayatazama mawingu, wakakumbuka mama zao, wakaongeza mwendo. Mzee anaogopwa, lakini mama anaogopwa zaidi.

Mama wa kampuni alikuwa ameshika sahani, ameduwaa. Kisha akatazama chini. Pembeni yake amesimama mtoto wangu mmoja, msichana mfupi kuliko wote darasani, kafumbata mikono kwa adabu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kiti."

"Kiti gani?"

"Hicho ulichokalia. Ni cha baba. Kasema nisirudi bila hicho."

Nadhani hata kuku waliacha kula. Mwenyekiti aliketi chini, juu ya ardhi, na koti lake la harusi. Mama wa kampuni akainuka polepole, akampa mtoto mto mwekundu, kisha yeye mwenyewe akainua kiti na kumtwika kichwani.

"Kesho utakalia nini, basi?"

"Tofali langu."

"Liko wapi?"

Yule mtoto, aliyelelewa kusema kweli na hakuwa na habari za wakwe, akanyoosha kidole kwenye migomba nyuma ya choo. Mama wa kampuni akaweka sahani chini akaelekea huko. Tulimfuata sote, mwalimu mkuu akiwa wa mwisho. Matofali yalikuwa pale, yamefichwa chini ya majani makavu, yamepangwa vizuri kama ya kujengea, kila moja na alama yake ya msumari: msalaba, jicho, herufi iliyopinda, samaki. Alichuchumaa akayashika moja baada ya jingine.

"Haya ni ya wangapi?"

"Ya darasa zima," nikasema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na ilipofunguka haikufungika. "Na leo wapo kumi ambao hukuwaona kabisa. Wamezuiwa nyumbani kwa sababu kwao hakuna hata kigoda cha kuazimisha. Hao ndio niliowaandikia barua, mama. Sikudanganya hata neno moja. Na nyinyi wazee mtanisamehe, au msinisamehe, mimi sijui!"

Mwenyekiti, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukosa la kusema, alivua kofia. Alipozungumza alizungumza taratibu, na kwa mara ya kwanza bila kumwita mtu waitu.

"Mama, hatukutaka kukudanganya. Tulitaka utuone watu. Tulifikiri atoaye hutoa kwa watu, hatoi kwa shida zao." Kisha akanigeukia. "Hao kumi ni kosa langu. Nitakwenda kwao mwenyewe, leo hii."

Mama wa kampuni aliinamisha kichwa. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha tumbo, hadi kamera ikawa inampiga kifuani. Akashika bega la mama mmoja aliyekuwa karibu. "Nilipoposwa mimi," akasema, "kwetu tuliazima hadi ng'ombe. Wakwe walipoondoka, ng'ombe akavunja kamba akarudi kwao mbele ya macho yao." Hapo tulicheka sote, tukacheka tukashikana, mvua ikaanza na hatukukimbia. Alikula ndizi zake akiwa amesimama upenuni, maana hapakuwa na kiti hata kimoja kilichobaki shule nzima, akaongezwa, akala tena.

Kabla ya kupanda gari aliniomba tofali moja. Nikampa langu, ambalo nilikuwa nakalia nikisahihisha madaftari. Akaliweka kwenye kiti cha mbele, yeye akakaa nyuma.

Mwenyekiti alitimiza ahadi yake jioni ile ile, kwenye mvua. Nilisikia baadaye kwamba kwenye nyumba ya kwanza ya vibarua walitetemeka kumwona, wakadhani amekuja kuwafukuza. Alisimama mlangoni akasema amekuja kuomba radhi, na kwa kuwa hapakuwa na kiti, akaiomba akiwa amechuchumaa.

Madawati yalifika baada ya miezi kadhaa, juu ya lori lililokuja kuchukua kahawa. Yalikuwa yananuka rangi na mbao mbichi. Wanaume waliyashusha wakiimba, na mwenyekiti akatoa hotuba ambamo kampuni iliitwa wakwe mara nyingi sana, hadi dereva akauliza kama kuna harusi. Kituntu nao walipata, kwa sababu yule mama alikwenda kuwaambia wakubwa wake kwamba kati ya shule mbili hizo haiwezekani kuchagua moja. Alijuaje kuwashawishi sijui. Nadhani aliwawekea tofali mezani.

Jumatatu asubuhi nikawaingiza darasa la kwanza. Watatu watatu kwenye kila dawati. Walikuwa wanachekelea kwa raha, wanapiga mbao kwa viganja, wanainuka na kukaa, wanainuka na kukaa. Niliwaacha, nikaandika tarehe ubaoni. Nilipogeuka, wote wameketi isipokuwa msichana mmoja. Baba yake alikuwa kibarua kwenye kahawa ya watu, na ile Alhamisi alikuwa mmoja wa wale kumi. Kasimama ukutani karibu na mlango, mgongo umebana udongo, na pale kwenye dawati la pili nafasi yake iko wazi.

"Mbona hukai?"

Akatazama miguu yake.

"Mwalimu, mimi sikuleta. Kwetu hatuna."

Nilitembea hadi alipo. Masikio yangu siku hiyo yalikuwa baridi kabisa. Nikamshika mkono nikamketisha katikati ya wenzake wawili, nikamsogezea daftari juu ya ubao.

"Hakuna aliyeleta," nikamwambia. "Kaa."